Kutu ya kulanti kwenye mashine za karakana: dalili, chanzo na namna ya kuitibu

Kutu ikionekana kwenye meza ya mashine, mafundi wengi huongeza kulanti nzito tangini (yaani kimiminika cha kupozea na kulainisha ukataji, kabla hakijachanganywa na maji) na kuendelea na kazi. Mara nyingine hilo linatosha. Mara nyingi zaidi linaficha chanzo kwa wiki moja, kisha kutu inarudi ikiwa imeongozana na povu, utando unaonata kwenye milango na ngozi za mikono zinazowasha.

Kulanti ya kuchanganywa na maji, ikiwa tayari kwa kazi, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kinachozuia kutu ni dawa kidogo iliyomo, na dawa hiyo inaweza kupungua, kuliwa na vijidudu, kuzidiwa na chumvi, au kutofika kabisa inapohitajika. Kila sababu ina alama yake. Kwa hiyo kabla ya kufuta kutu yoyote, angalia imeanzia wapi: kila mahali palipolowa, kwenye mguso wa vipande viwili tu, juu ya pale kulanti inaporukia, au kwenye kazi (kipande kinachotengenezwa) iliyokwisha kutolewa mashineni. Ukishaifuta, ushahidi umekwenda.

## Vipimo vinavyotangulia dawa

Vifaa ni vichache: refraktomita ya mkononi (kifaa kinachopima ukali wa kulanti kwa mwanga), vijikaratasi vya pH (kipimo cha asidi na alkali) vinavyosoma kati ya 7 na 10, kipimo cha ugumu wa maji, na chupa angavu. Vijikaratasi vya pH vya 1 hadi 14 havifai, kwani tofauti ya 8.4 na 9.0 haionekani kwenye rangi zake, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Washa pampu kwa robo saa, kisha chukua sampuli chini ya tabaka la mafuta yanayoelea. Sifurisha refraktomita kwa maji yaleyale unayochanganyia. Namba inayosomeka si asilimia ya kulanti mpaka uizidishe kwa kizidisho kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Ukisoma 4 na kizidisho ni 1.5, ukali wako, yaani kiasi cha kulanti nzito ndani ya mchanganyiko, ni asilimia 6. Kulanti za sintetiki huwa na vizidisho vikubwa, mara nyingine 2 na zaidi, na anayesahau kuzidisha huishia kutumia kulanti kali maradufu bila kujua kwa nini povu haliishi.

Mstari wa refraktomita ukiwa na ukungu badala ya kukatika vizuri, kulanti imeshika mafuta ya mashine. Namba hapo huwa juu kuliko ukweli, na hii ndiyo sababu kuu ya fundi kuapa kwamba ukali uko sawa huku meza inageuka rangi ya chungwa. Acha sampuli itulie ndani ya chupa kwa saa kadhaa, vuta kulanti ya chini kwa sindano, pima tena. Ukungu ukibaki, tumia vifaa vya kupima kwa matone kutoka kwa muuzaji wa kulanti hiyo.

Kwa pH, kulanti nyingi hufanya kazi vizuri kati ya 8.5 na 9.5. Chini ya 8.5, chuma kinaanza kukosa ulinzi na vijidudu vinaanza kustarehe. Juu ya 9.5, ngozi huumia, na alumini huumia hata kabla kidogo ya hapo.

## Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa popote kulanti ilipopita

Hii ni kulanti nyepesi mpaka ithibitike vinginevyo. Chanzo cha kawaida ni mtu wa zamu kujaza tangi kwa mpira wa maji. Kinachotoka tangini hutoka kwa njia mbili: joto huondoa maji peke yake, ilhali chenga (vipande vya chuma vilivyokatwa) na kazi zilizolowa huondoka na kulanti kamili. Ukijaza maji matupu, ile dawa iliyobebwa na chenga hairudi kamwe. Ndiyo maana maji ya kujazia nayo huchanganywa, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3, kisha hurekebishwa kulingana na refraktomita inavyosema wiki hadi wiki.

Tangi likiwa limeshuka sana, piga hesabu badala ya kukisia. Tuseme tangi ni la lita 200, zimebaki lita 150 zenye ukali wa asilimia 4, nawe unataka asilimia 7. Lita 200 za asilimia 7 zinahitaji lita 14 za kulanti nzito. Zilizomo tayari ni 6. Zinapungua 8, na nafasi iliyobaki ni lita 50. Kwa hiyo changanya lita 42 za maji na lita 8 za kulanti nzito, mimina polepole pampu ikizunguka, subiri nusu saa, pima tena.

Changanya pembeni, kwenye ndoo au pipa safi: maji kwanza, kulanti ifuate huku unakoroga. Ukianza na kulanti ukamwagia maji, mafuta ndiyo yatakayoshika maji, na utapata uji mzito usioyeyuka hata ukiongezewa maji mengi kiasi gani. Kumimina kulanti nzito moja kwa moja tangini hakuna nafuu. Sehemu yake hutulia pembeni, na refraktomita itakupa namba tofauti asubuhi na jioni.

Lakini asilimia 7 imetoka wapi? Maelezo ya bidhaa hutoa wigo, tuseme 5 hadi 10, bila kuyajua maji yako. Kuna jaribio rahisi la kupata mpaka wako mwenyewe, lenye asili yake katika kipimo cha viwandani cha DIN 51360-2. Kata chenga za chuma cha kusubu bila kulanti wala mafuta. Kwenye visahani, weka karatasi ya chujio, na juu ya kila karatasi gramu 2 za chenga. Andaa kulanti kwa maji yako ya kila siku, ukali wa asilimia 2, 3, 4, 5 na 6. Mwagia mililita 2 kila kisahani, funika, acha saa mbili, kisha ondoa chenga na suuza karatasi. Madoa ya kahawia yatapungua kadiri ukali unavyopanda, na mahali yanapokoma ndipo mpaka wako ulipo. Endesha mashine angalau asilimia 1 hadi 2 juu ya hapo. Rudia jaribio kwa kulanti iliyotoka tangini: ikitia madoa ilhali mchanganyiko mpya wa ukali uleule hautii, tatizo si ukali tena, na kuongeza kulanti nzito ni kutupa mali.

## Ukali uko sawa, pH iko sawa, kutu bado ipo

Pima chumvi. Maji yanayofaa huwa na ugumu wa karibu miligramu 80 hadi 125 kwa lita. Maji laini mno huleta povu. Maji magumu mno hushika viungo vinavyoshikilia mafuta ndani ya maji na kuacha utando wa sabuni juu ya tangi. Ugumu, hata hivyo, si adui mkubwa wa chuma. Adui ni kloraidi, na baada yake salfeti: hupenya utando mwembamba wa dawa na kuchimba vishimo. Jaribu kukaa chini ya miligramu 50 za kloraidi kwa lita.

Jambo linalosahaulika ni kwamba maji hupaa na chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likijazwa lita 10 kila siku kufidia maji yaliyopaa, baada ya siku 20 za kazi umeshaingiza lita nyingine 200, na chumvi zake zote zimo humo, isipokuwa zile zilizotoka na chenga. Maji yaliyokuwa yanavumilika siku ya kwanza hayavumiliki mwezi wa tatu. Dalili yake ni mashine iliyofanya kazi vizuri miezi kadhaa, kisha ikaanza kutu bila mtu kubadilisha chochote.

Kipimo cha upitishaji umeme wa maji, cha bei nafuu, kinatosha kufuatilia, kwani chumvi ikizidi maji hupitisha umeme zaidi. Andika namba ya kulanti mpya siku ya kwanza. Ikipanda sana wakati ukali haujapanda, chumvi imejaa. Hakuna dawa ya kuiondoa ndani ya tangi. Mwaga sehemu au yote, kisha jazia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa chumvi. Hata kama mchanganyiko wa kwanza ulikuwa wa maji ya bomba, kuandaa mchanganyiko wa kujazia kwa maji yasiyo na chumvi huongeza maisha ya tangi kuliko kiungo chochote kinachouzwa kwenye chupa.

## Harufu ya mayai yaliyooza, chenga nyeusi, pH inashuka

Mafuta ya slaidi (ya kulainisha reli za mashine) na ya haidroliki yanayovuja huelea na kuziba hewa. Mashine ikilala siku mbili, chini ya tabaka hilo oksijeni huisha na vijidudu visivyohitaji hewa huchukua nafasi. Hula viungo vya kulanti, hutoa asidi, na baadhi yao hugeuza salfeti kuwa gesi yenye ile harufu ya mayai yaliyooza. Chuma nacho hupata madoa meusi badala ya ya chungwa. Hapo dawa ya kuzuia kutu imeshaliwa nusu.

Gesi hiyo ni sumu. Tangi lililooza na kukaa muda mrefu lisikorogwe kwenye chumba kilichofungwa wala lisiinamiwe. Fungua milango kwanza.

pH ikiwa kati ya 8.5 na 8.8 na harufu ndiyo kwanza inaanza, tangi bado linaokoleka. Ondoa mafuta yanayoelea kwa mkanda wa kukusanyia mafuta, au kwa shuka za kunyonya mafuta kama huna mkanda. Toa chenga zilizotuama chini. Rudisha ukali kwenye kiwango cha juu cha wigo wako. Zungusha pampu mara kwa mara, hata mashine ikiwa haikati, ili hewa iingie. Lenga mafuta mageni yasizidi asilimia 2, na utafute yanakotoka: mashine inayokunywa mafuta ya slaidi kuliko kitabu chake kinavyosema inayamwaga kwenye kulanti. Ikishashuka chini ya 8.3 na harufu ipo, usipoteze muda, mwaga.

Viungo vya nyumbani vinavyopendekezwa na majirani wa karakana vinastahili neno kali. Dawa ya kufulia ya klorini huua vijidudu kweli, na kwa kipimo hichohicho inakuletea kloraidi, yaani kutu yenyewe. Magadi hupandisha pH kwa siku chache, huongeza chumvi na huvunja mchanganyiko wa mafuta na maji. Nitriti ya sodiamu ni dawa nzuri ya kutu iliyotumika sana zamani, lakini ikikutana na amini fulani (viungo vya kushikilia pH) zilizomo kwenye kulanti hutengeneza nitrosamini, ambazo nyingi husababisha saratani. Isiingie tangini.

## Madoa chini ya jiriwa, kingo za mifereji ya meza, mguso wa metali mbili

Meza ni safi, unafungua jiriwa na chini yake kuna ramani nyekundu yenye vishimo. Kulanti iliingia kwenye upenyo, ikatulia, dawa yake ikatumika, oksijeni ikapungua ndani huku nje ikiwa nyingi. Tofauti hiyo ya hewa peke yake inatosha kuanzisha kutu ndani ya upenyo. Tatizo hili halitibiwi na ukali wa kulanti, hata ukifika asilimia 12.

Toa jiriwa. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti au mafuta mepesi ya kusafishia. Pitisha jiwe laini bapa lenye mafuta mpaka vichwa vya kutu vikatike. Vishimo viache, kuvisaga hadi viishe kunaharibu usawa wa meza. Usitumie asidi ya kuondolea kutu juu ya meza, kwani mabaki yake huingia tangini na kushusha pH. Kisha paka mafuta ya slaidi ya ISO VG 68, utando mwembamba tu, ufute karibu wote na urudishe jiriwa. Kwa kifaa kinachokaa miezi, weka mafuta ya kinga yanayoacha nta. Kifungue kila baada ya wiki nne hadi sita, na mara nyingi zaidi ikiwa unakata chuma cha kusubu.

Sahani ya alumini iliyofungwa moja kwa moja kwenye meza ya chuma ina shida ya ziada, kwani metali mbili zilizoloweshwa na maji yenye chumvi hufanya kazi ya betri. Anayeumia zaidi ni alumini, lakini unga mweupe unaotokea hushika unyevu juu ya meza pia.

Kwenye mashine ya kusaga bapa, meza ya sumaku hufuata kanuni ileile. Kulanti za kusaga mara nyingi huwa nyepesi, na vumbi laini la chuma lina eneo kubwa la kunyonya dawa. Kazi isilale juu ya sumaku usiku kucha.

## Unga mwekundu ndani ya tundu la spindo (mhimili unaozungusha zana)

Hapa watu wengi hulaumu kulanti isiyo na hatia. Angalia umbo la doa. Ikiwa ni unga wa kahawia nyekundu au weusi kwenye mikanda ya mguso tu, juu na chini ya koni ya kishikio cha zana, huo ni msuguano wa mitikisiko midogo: nguvu ya kuvuta kishikio imepungua, au koni imechakaa. Pima nguvu ya mvuto kwa kipimo chake na jaribu mguso kwa rangi ya buluu ya mafundi. Kubadilisha kulanti hakutagusa tatizo hilo.

Ikiwa kutu imetapakaa hata pasipogusana, ina madoa ya matone au imefuata mchirizi, basi ni maji. Kulanti inayopita ndani ya spindo huendelea kudondoka baada ya pampu kuzimwa. Puliza spindo kwa hewa mwisho wa zamu, toa kishikio, futa tundu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na paka mafuta mepesi kidogo sana, ambayo utayafuta kabla ya kazi inayofuata. Msasa usiingie humo.

## Kutu juu ya pale kulanti inaporukia

Sehemu ambazo kulanti haifiki, hasa nyuso zinazotazama juu, zikipata vumbi la kutu lililosambaa sawasawa, tafuta hewani. Ukifunga milango ya mashine ikiwa bado moto, mvuke hupanda na kutulia kwenye dari na reli za juu usiku joto linaposhuka. Acha mlango wazi mwisho wa zamu. Chuma kizito kilicho baridi hukusanya umande hewa ya joto yenye unyevu inapoingia asubuhi, hata kama hakijawahi kuona kulanti.

Kisha angalia rafu. Asidi ya hidrokloriki, hata kwenye chupa iliyofungwa, hutoa mvuke unaoweza kutia kutu kila chombo cha chuma chumbani, na dawa za klorini za kutibu maji hufanya vivyo hivyo. Zihamishie jengo jingine. Jiko la gesi lisilo na bomba la kutolea moshi nalo hutoa maji mengi, kwa kuwa gesi ikiungua huzaa mvuke.

## Reli na skrubu za kuendeshea meza

Mafuta yanayotoka kwenye kingo za waipa (mipira inayofuta reli) yakiwa ya kahawia badala ya angavu, kulanti inapita chini ya waipa. Zima mashine, pitisha kidole: mpira uliochanika au kugeuka mgumu unahisika mara moja. Hakikisha pia kila tundu la mafuta linatoa. Mrija mmoja ulioziba huacha reli moja ikiwa kavu, na kulanti za sintetiki, zisizo na mafuta yoyote, huosha kilichobaki. Badilisha waipa kabla ya kubadilisha kulanti.

## Rangi nyingine

Alumini kuwa na madoa meusi au ya kijivu: pH imezidi 9.3 hivi, au kulanti haina kinga ya alumini. Kulanti kugeuka kijani au buluu, au viunganishi vya umeme kuota ukoga wa kijani: amini zinayeyusha shaba, na unahitaji kulanti yenye kinga ya triazoli. Kutu yenye umbo la vidole kwenye kazi iliyomalizika ni jasho. Kazi iliyopangwa mbichi juu ya boksi la karatasi au mbao itapata kutu upande wa chini, kwani vyote viwili hushika maji na vina asidi yake. Tumia plastiki, na acha nafasi kati ya vipande.

## Kutu siku moja baada ya kusafisha tangi

Hii inaudhi, na karibu kila mara chanzo ni suuzo la maji matupu. Utaratibu salama ni huu: siku moja kabla ya kumwaga, ondoa mafuta yanayoelea, kisha tia dawa ya kusafishia mfumo kwenye kulanti ya zamani kwa kipimo cha lebo, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, na izunguke kwa saa zilizotajwa. Mwaga, ukikusanya kwa utupaji unaoruhusiwa na sheria. Kulanti haiendi mtaroni. Kwangua matope ya pembeni, ndani ya kasha la pampu na kwenye mirija, kwa sababu ndoo moja ya matope inaweza kuozesha kulanti mpya ndani ya wiki. Suuza kwa kulanti mpya ya asilimia 1 hadi 2, si maji. Mwaga suuzo na ujaze siku hiyohiyo, kwa asilimia 1 juu ya ukali wako wa kawaida, kwani chuma kilichovuliwa hunyonya dawa siku za kwanza.

## Mashine itakayolala zaidi ya wiki

Toa chenga zote, hasa za chuma cha kusubu. Toa jiriwa na vishikio. Puliza kulanti kwenye mifereji, kausha, paka mafuta ya kinga meza, tundu la spindo na reli, na sogeza meza mwendo wake wote ili mafuta yafike kila mahali. Tangi likibaki na kulanti, iwe kwenye kiwango cha juu cha wigo, bila mafuta juu, na pampu au kipulizia hewa kidogo kizungushe kwa muda mfupi kila siku. Ikiwa hakuna wa kukiwasha, mwaga na uache tangi kavu.